Mwaka Niliouongeza

Kwetu mtu aliye safarini haambiwi msiba. Sheria hiyo aliileta babu, mzaa baba, ambaye ujana wake aliumalizia njiani akibeba pembe na majora ya nguo za watu kati ya Tabora na pwani. Alisema mpagazi akiambiwa kifo akiwa na mzigo kichwani, atauangusha, au atageuka nusu njia, au ataendelea bila kutazama anapokanyaga, na njia ile haikuwahurumia wasiotazama. Basi habari imsubiri. Siku akifika atuliwe mzigo, apewe maji, ndipo aambiwe. Na kwa kuwa si haki wengine wamalize kilio ambacho mwenyewe hajakianza, matanga nayo yamsubiri. Mpaka hapo hakuna kunyoa nywele, na hakuna harusi ndani ya nyumba ile.

Mimi sikubeba pembe. Nilibeba sanduku, nikaenda kusoma historia na fasihi katika mji wa Bologna, Italia. Baba alifariki nikiwa huko. Nyumbani wakaninyamazia, wakangoja nimalize. Nami, nisiyejua lolote, nikaongeza mwaka mmoja kwa sababu mji ule niliupenda. Wakati huo dada yangu, binti pekee wa mama, alikuwa amekwisha kuposwa.

Mambo yenyewe ni hayo, na mtu wa maneno machache angekomea hapo. Lakini mimi nimefundisha historia maisha yangu yote, na sijawahi kukomea panapostahili.

Niliondoka wakati Azimio lilikuwa bado bichi na kila mtu Tabora alikuwa na hakika ya jambo fulani. Serikali ilikuwa inapeleka vijana nje kusoma mambo ya maana: udaktari, uhandisi, kilimo. Mimi nikaangukia historia na fasihi, na wazee wa mtaa wetu, Isevya, walikuja mmoja mmoja kumpa baba pole. Baba alikuwa fundi cherehani. Alishonea kwenye baraza ya duka la Mwarabu mmoja, wa zile familia ambazo babu zao walitoka Omani wakaja kufanya biashara, wakakaa mpaka wakawa watu wa Tabora kuliko sisi. Aliwajibu wazee wale kwamba historia nayo ni ushonaji, mtu anaunganisha vipande. Sidhani aliamini, ila hakupenda mwanawe asikitikiwe na watu.

Alinishonea koti. Hakuwa amewahi kuona baridi ya Ulaya, na aliowauliza nao hawakuiona, kwa hiyo kila aliyeulizwa aliongeza chumvi. Mwishowe akatia blanketi zima ndani ya bitana. Majira ya baridi ya kwanza nilitembea Bologna kama kitanda kilichoota miguu. Watu waligeuka kunitazama, na niliamini wanatazama rangi yangu, mpaka bibi mwenye nyumba niliyopanga akaniambia kwa upole kwamba ni koti. Lakini sikuwahi kuumwa kifua, na wenzangu waliokuwa na makoti mazuri walikohoa mpaka Aprili.

Mji wenyewe ni wa matofali mekundu, na barabara zake karibu zote zina baraza ndefu zenye paa na nguzo, hivi kwamba mvua inyeshe isinyeshe mtu anatoka upande mmoja mpaka mwingine bila kulowa. Nilipoziona nilifurahi nikajisemea hawa ni watu wa kwetu, wanajua maana ya baraza. Kumbe hawakai. Wanapita tu, mbio, na viatu vyao vinalia juu ya mawe. Nilikuwa nikijikuta natafuta nani ametandika mkeka.

Mwaka wa kwanza ulikwenda kwenye lugha. Wa pili nikampata mwalimu mmoja, mtu mfupi mwenye hasira za haraka, aliyetuwekea mezani mikataba ya kale ya wachukuzi waliovusha chumvi na nguo milimani kwa nyumbu, wale wazao wa punda na farasi. Nani kabeba nini, mzigo una uzito gani, ukilowa nani alaumiwe. Nilikaa katika chumba kile chenye harufu ya vumbi, mjukuu wa mpagazi, nikasoma mambo ya mizigo ya watu waliokufa kabla babu wa babu yangu hajazaliwa, na kwa mara ya kwanza shule ikawa imefika nyumbani kwetu. Sijui kueleza furaha ile. Nilikuwa naamka kabla ya kengele za makanisa, nikingoja mlango ufunguliwe.

Katikati ya furaha hiyo baba alikuwa anakufa, kwa tumbo, hospitalini Tabora. Mimi sikuhisi kitu. Watu husema damu huambiana, mtu huota ndoto, huangusha kikombe. Mimi sikuangusha chochote.

Mwaka wa tatu, ambao ungekuwa wa mwisho, alikuja mgeni. Alikuwa bwana ushirika wa Tabora, jirani yetu Isevya, mtu mnene mwenye utani mwingi. Alikuja na wenzake kutazama vyama vya ushirika vya wakulima wa kule, vya maziwa na zabibu, ili wakirudi wawafundishe watu wa vijijini. Akaomba ruhusa siku moja aje kunitembelea. Nilifurahi kama mtoto. Duka la chini ya nyumba liliuza unga wa mahindi wa njano, ambao wenzetu wale huupika ukawa laini kama uji wa mgonjwa, wakamwagia mchuzi. Mimi niliusonga ugali hasa, mgumu, nikachemsha kuku na mboga za majani.

"Shikamoo, mzee," nilimwambia mlangoni.

"Marahaba, marahaba. Ala! Umenenepa. Na hili ndilo koti la baba yako? Nimelisikia." Akaligusa pale lilipotundikwa, akaliachia upesi.

Alikula vizuri. Aliuliza kama kuku alichinjwa na mtu au alijifia kwa uzee. Akasema tangu afike Italia kila sahani anaiuliza kwanza kama ina nguruwe, na sasa wenzake wanamwita mpelelezi. Nikacheka mpaka machozi. Kisha nikauliza habari za nyumbani, kama ada, mmoja mmoja. Mama? Hajambo. Dada? Hajambo, anafundisha kisomo cha watu wazima jioni, wazee wazima wanamwogopa. Baba?

Akamega ugali, akauviringa mkononi muda mrefu.

"Wote wanakusalimu sana," akasema.

"Na mgongo wake?"

"Haumsumbui tena."

Nikasema alhamdulillahi. Akaitikia kwa sauti ndogo, akaomba maji.

Mtu huyu alikuwa amelibeba jeneza la baba yangu. Nilikuja kuyajua hayo baadaye. Ameshika upande wa mbele, ametia udongo, na sasa ananiangalia namtilia mchuzi na kumsimulia habari za nyumbu. Miaka mingi nimejaribu kumchukia, nikashindwa, kwa sababu angefanya nini? Nilikuwa bado na mzigo kichwani. Kwa mujibu wa nyumba yetu, kuniambia pale mezani ingekuwa sawa na kunipiga mtama mlimani.

Ndipo nikamwambia. Mwalimu wangu ananitaka nibaki mwaka mmoja zaidi, nisome mikataba ile yote, nitoke na shahada ya juu. Serikali ikikubali, na ilikuwa itakubali, nyumbani wataonaje? Nikamwomba aulize. Nikasema si lazima nibaki. Neno hilo nimejitetea nalo sana mbele ya nafsi yangu, na halijanisaidia.

Bwana ushirika akaacha kula.

"Mwaka mzima?"

"Mwaka mzima."

"Wewe mwenyewe unataka?"

"Nataka sana, mzee. Sijawahi kuwa na furaha hivi tangu nizaliwe. Waambie hivyo hivyo."

Akanitazama, na uso wake wa utani ukawa umekwenda mahali. Nikadhani ameshiba. Akanawa, akasema atawaambia, na mlangoni akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, asiuachie. Nikaona haya mbele ya bibi mwenye nyumba.

Jibu lilikuja kwa barua fupi iliyoandikwa na dada, kwani ndiye aliyeandika barua zote za nyumba yetu: baki, umalize, sisi hatujambo. Nikabaki. Mwaka ule nao ulikuwa mzuri, siwezi kuusingizia. Nilikwenda vilimani kuchuma zabibu na wenzangu wa chuo, tukaimba, nikalala juu ya nyasi nikiwa na miguu michafu na moyo mweupe. Nilipata kitambaa kizuri cha hariri nikakinunua kwa ajili ya harusi ya dada, maana nilijua ameposwa na mwalimu wa shule, kijana mtulivu aliyekuwa akija kusaidia darasa lake la kisomo. Nilijiuliza mara moja tu kwa nini harusi inachelewa. Nikajijibu wananingoja mimi, mkubwa, nikajisikia mtu muhimu.

Niliporudi, treni ya kutoka Dar es Salaam iliingia Tabora asubuhi. Baba mdogo alikuwa stesheni na wazee wengine. Hawakunikumbatia. Alikuja moja kwa moja akalichukua sanduku mkononi mwangu, akaliweka chini, na mzee mmoja akanipa maji katika kata. Nikayanywa nusu nikicheka, nikitaka kusema tuko stesheni, si porini. Kisha nikamwona baba mdogo anavyonitazama, nikaishusha kata. Nilikuwa nimesikia habari za babu tangu utotoni. Nilijua maji yale yana maana gani kabla hajafungua mdomo.

"Umetua?" akaniuliza.

Sikutaka kujibu. Nilidhani nisipojibu, hawataweza kuniambia. Nilisimama pale na kata mkononi, watu wakishusha mikungu ya ndizi na kuku wao, mpaka mzee mmoja akasema kwa upole, "Sema, mwanangu, jua linapanda." Nikasema nimetua. Baba mdogo akaniambia.

Nilipofika nyumbani nilimkuta mama chini, kwenye mkeka uleule wa matanga, nywele zimemtimka. Eda yake ilikuwa imekwisha zamani. Mwanzoni mwa mwaka wa pili wa kungoja, mwalimu wa madrasa alikuwa amekuja akasema wazi kwamba dini imekwisha kumaliza, kwamba binti anaweza kuozeshwa na baba yake mdogo, wala hakuna dhambi. Mama alimjibu, "Ya dini yamekwisha, mwalimu, nakushukuru. Yamebaki ya kwetu." Na hakuna aliyemtoa hapo. Tulilia siku ile hadi sauti zikakauka. Tukanyolewa wote, mama kwanza, kisha mimi, kisha dada. Alipoinama mbele ya wembe niliona shingo yake, nyembamba, na nikafikiri: sasa angalau harusi.

Nikalisema. Tulikuwa tumekaa, vichwa vinang'aa, uji unazungushwa, nami nikataka kuileta siku irudi upande wa uhai. Nikasema, "Basi sasa tumpigie shemeji yetu mwalimu simu ya upepo, aje achukue mke."

Hakuna aliyecheka. Dada akanyanyuka akaenda kuchochea moto ambao ulikuwa unawaka vizuri. Baba mdogo akasema, akiangalia uji wake, kwamba mwalimu alioa mwaka huu. Alisubiri mwaka mmoja. Wa pili ukamshinda.

Lazima niseme kwamba niliwakasirikia. Niliwakasirikia wote, hata baba kaburini. Nani aliwaomba? Barua moja tu, mistari miwili, ningepanda ndege hata nikiwa na taulo kiunoni. Nilimkasirikia babu kwa kugeuza shida ya njia kuwa sheria, na watoto wake kwa kuibeba mpaka zama za ndege. Hasira ilinifaa siku kama tatu hivi, nikaona inaniacha palepale iliponikuta. Maana mwaka wa kwanza waliusubiri kwa ajili ya sheria. Wa pili waliusubiri kwa ajili yangu.

Nikapanda lori la pamba kwenda upande wa Igunga, ambako mwalimu yule alikuwa amepelekwa, kijiji cha ujamaa chenye nyumba zilizopangwa mistari na shule ya miti na udongo katikati. Sikumwambia mtu ninakokwenda. Nilimkuta anafyeka nyasi na wanafunzi wake. Aliponiona akadondosha fyekeo.

"Shemeji," akasema. Kisha akajishika mdomo. "Nisamehe, kaka. Nilikuwa nimezoea kukuita hivyo."

Tukakaa kivulini mwa ukuta wa shule. Alinipa pole ya msiba. Akaniambia kwamba yeye kwao ni mbali, hana mila hiyo ya kunyamazia wasafiri, na kwamba aliponyamaza mwaka wa kwanza alikuwa anaheshimu. Lakini bwana ushirika aliporudi na habari ya mwaka mwingine, alikwenda kwa dada akamwambia yeye mwenyewe ataniandikia. Jioni hiyohiyo. Alishakuwa na kalamu.

"Akasema nini?"

"Akasema, ukiandika, usikanyage kwetu tena. Nikamwuliza, sasa mimi nifanye nini? Akasema, oa." Akang'oa unyasi, akaukata vipande. "Mimi si malaika, kaka. Baba yangu ni mzee, alitaka kuona mjukuu. Nilikwenda kumuuliza mara ya pili, na ya tatu. Jibu lile lile."

Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo hadi leo likinijia nikiwa peke yangu husema kwa sauti, "Aa!" Nilimwuliza kama hawezi kuongeza wa pili. Nikamwambia dini inaruhusu, nikamwambia dada hana makuu, nikapanga hoja moja baada ya nyingine kama nilivyofundishwa. Mke wake, mjamzito, alikuwa anatuletea maji. Alisikia. Aliweka kibuyu chini taratibu, akarudi ndani.

Mwalimu hakukasirika. Aliniangalia kwa masikitiko.

"Kaka," akasema, "umesoma hadi ukafika hapo?"

Nilirudi na lori jingine, juu ya marobota, vumbi limejaa kichwa changu kipara. Njia nzima nilikuwa nawaza maneno ya kumwambia dada, na yote yalikuwa ya kumlaumu. Kwa nini alimkataza mtu asiandike? Kama ni mila, mwalimu hakuwa wa nyumba yetu, angeivunja bila dhambi, na sote tungepona. Nilitaka kosa liwe lake japo robo. Nilikuwa nimechoka kulibeba zima.

Nilimkuta uani anapeta mchele. Mama alikuwa ndani amelala kitandani, tangu siku ile ya kunyolewa alikuwa analala sana, kama mtu anayefidia. Nikasimama mbele ya dada na vumbi langu. Nikamwambia nimetoka wapi.

Akaendelea kupeta kidogo, kisha akauweka ungo mapajani.

"Umewaaibisha?"

"Nimewaaibisha."

"Najua. Ulivyo wewe." Hakusema kwa ubaya.

"Kwa nini ulimkataza?" nikamwuliza. Na maneno yangu yote ya kwenye lori yakaniacha, likabaki hilo peke yake.

Alitoa chuya moja, akaitupa kwa kuku.

"Mama alikuwa hasemi," akasema. "Tangu baba. Anakula ukimlisha, anajibu ukimsalimia, basi. Nilidhani nitamzika na yeye. Kisha akaja bwana ushirika, akakaa pale, akatuambia umepika ugali wa njano, umecheka mpaka machozi. Akasema, mtoto wenu amesema hajawahi kuwa na furaha hivi tangu azaliwe, ameniambia niwaambie hivyo hivyo. Mama akacheka. Akamwambia arudie. Bwana yule akarudia, akaigiza na sauti yako. Siku ile mama aliomba chakula mwenyewe." Akaushika ungo tena. "Sasa wewe ulitaka nani akuandikie, aandike nini?"

Kuku walikuwa wanagombania ile chuya.

"Kaka," akasema, bila kuinua macho. "Lakini ilikuwa kweli? Au ulisema tu ili bwana ushirika akuombee ruhusa?"

Niliona mlango umefunguka. Ningeweza kusema niliongeza chumvi. Ningeweza kusema nilikuwa na upweke, na baridi, kwamba nilihesabu siku, na mzigo wangu ungepungua palepale. Nikamtazama, kichwa chake kimenyolewa, mikono yake imetulia juu ya ungo akingoja.

"Ilikuwa kweli," nikasema.

"Mwaka mzima?"

"Mwaka mzima."

Akaitikia kwa kichwa, akaridhika, akaanza kupeta tena.